Boti ya rimoti ikikataa kona, usiharakishe kulaumu mashine

Na Mwandishi Wetu

KIJANA anashika rimoti, anabana kitufe cha mwendo, na boti yenye urefu wa mkono inachomoka ufukweni kama risasi. Watoto wanashangilia. Sekunde chache baadaye inafika kwenye kona, pua inazama, tumbo linageukia juu na mlio wa mota unakatika. Kimya. Boti imelala kifudifudi mita 50 kutoka nchi kavu, na hakuna mwenye mtumbwi.

Kwa aliyeileta kutoka ughaibuni kama zawadi ya mtoto, hiyo ni aibu. Kwa mfanyabiashara aliyevuka nayo mpaka pamoja na redio na taa za sola, ni hasara. Kesho yake mteja atairudisha dukani akisema ameuziwa kitu kibovu, na mabishano yatajaza mlango.

Ukweli ni kwamba mara nyingi boti hiyo si mbovu, ila haijarekebishwa. Inatoka kiwandani ikiwa imefungwa skrubu zote, lakini namna itakavyokaa juu ya maji inategemea mahali betri ilipowekwa, jinsi propela ilivyoelekezwa na usukani ulivyonyooshwa. Kazi hiyo huachiwa mwenye boti. Asiyeijua hununua mota kubwa zaidi, na boti iliyokuwa ikipinduka kwa mwendo wa wastani sasa inapinduka kwa mwendo mkali.

Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua namna ya kuitengeneza boti ya rimoti ili itulie kwenye mwendo na kushika kona. Mwishoni yanagusa jambo ambalo wasomaji wengi wa kando ya maziwa yetu wanalijua kwa uchungu, yaani chombo kikubwa cha abiria kufuata sheria zile zile za maji.

Mchezo wa zaidi ya miaka mia moja

Mwaka 1898 mvumbuzi Nikola Tesla aliwaonyesha watu katika ukumbi wa Madison Square Garden, mjini New York, boti ndogo iliyoendeshwa kwa mawimbi ya redio bila waya wowote. Hati yake ya uvumbuzi, namba 613,809, ilitolewa nchini Marekani Novemba 8 ya mwaka huo huo. Magari na ndege za kuchezea za rimoti zilikuja baadaye, boti ikiwa imetangulia.

Siku hizi mchezo huu una mashindano yenye kanuni zake. Shirikisho la kimataifa la NAVIGA, ambalo makao yake ni Ulaya, lilianzishwa mwaka 1959. Marekani wana vyama viwili vikubwa, NAMBA na IMPBA. Huko Marekani boti hushindana kwa kuzunguka maboya kwa mwelekeo wa mshale wa saa, maana yake kona zote ni za kulia. Msomaji alikumbuke hilo, maana linaeleza kwa nini boti nyingi za mashindano hazifanani pande zote mbili, na kwa nini nyingine hukataa kabisa kupinda kushoto.

Ijue boti yako kwanza

Boti za mwendo mkali zina maumbo matatu makubwa. La kwanza ni la tumbo moja lenye umbo la V, kama boti za mashine tunazoziona ziwani. Huvumilia mawimbi, hupinda pande zote mbili, na ndilo linalomfaa anayeanza.

La pili ni la matumbo mawili yaliyounganishwa, na hewa hupita katikati yake. Hukaa wima kwenye kona kuliko lile la V, lakini upepo ukiingia chini yake kwa nguvu unaweza kulinyanyua na kulibingirisha nyuma.

La tatu lina maboya mawili mbele, kushoto na kulia. Mengine yameshikwa kwa vyuma vilivyotokeza ubavuni, na mtu wa pwani akiyaona atakumbuka ngalawa na matengo yake. Boti ya namna hii ikiwa kasi hugusa maji sehemu tatu tu, boya la kulia, boya la kushoto na propela nyuma. Ina mbio kuliko zote, lakini inataka maji yaliyotulia na mkono uliozoea.

Kabla hujagusa skrubu yoyote, jua unayo ipi. Dawa inayoponya boti ya V inaweza kuipindua ile ya maboya.

Uzito ndio mwanzo wa yote

Fundi mzuri haanzi na mota. Huanza kwa kutafuta kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo ukiinyanyua boti kwa vidole viwili, kimoja kila upande, hailali mbele wala nyuma. Ipime ikiwa na kila kitu ndani, betri, mota na kifuniko, kama itakavyokuwa majini.

Kwa boti ya V, kanuni inayotumiwa na wengi ni kuanzia asilimia 30 ya urefu wa tumbo, ukipima kutoka ubao wa nyuma. Tumbo likiwa na sentimita 70, kitovu kiwe sentimita 21 kutoka nyuma. Ile ya matumbo mawili huanzia karibu na hapo hapo. Ile ya maboya, kitovu chake huwa nyuma kidogo ya pale maboya ya mbele yanapoishia. Weka alama kwa kalamu ya wino kwenye ubavu wa boti ili usipime upya kila siku.

Kitu kizito kuliko vyote ndani ya boti ni betri, nayo ndiyo farumi yako. Usiibane kwa gundi. Tumia utepe wa kunata unaobanduka, ili uweze kuisogeza mbele au nyuma kwa milimita tano tano. Milimita tano ni kidogo kwa macho, lakini boti ikiwa kasi utaona tofauti. Iweke chini kabisa, ikilala sakafuni. Uzito ukikaa juu, kona humalizikia matumbo juu.

Pima pia kushoto na kulia. Iweke kwenye beseni au karai kubwa la maji uitazame kutoka nyuma. Ikilala upande mmoja ikiwa imesimama, sogeza betri upande wa pili hadi ikae sawa.

Hapo kuna siri ndogo. Propela ikizunguka kwenda kulia, nguvu ile ile hulisukuma tumbo la boti kulala kushoto. Kwa hiyo boti iliyokaa sawa kwenye karai inaweza kulala ubavu ikiwa kasi. Ikitokea hivyo, sogeza betri kidogo upande unaonyanyuka, hata kama kwenye karai itaonekana imelala. Majini ndiko kwenye hukumu.

Tumbo laini, kingo kali

Geuza boti, uweke rula ya chuma kwenye tumbo lake kuanzia ubao wa nyuma kwenda mbele. Theluthi ya nyuma ya tumbo inatakiwa inyooke. Ukiona mwanga katikati ya rula na tumbo, kuna bonde, na bonde hilo husukuma pua chini. Ukiona rula inabembea, kuna uvimbe, na uvimbe huifanya pua idunde. Bonde hujazwa kwa gundi ya epoksi kisha hupigwa msasa. Uvimbe husuguliwa kwa msasa uliozungushiwa kipande cha ubao ulionyooka, wala si kwa kidole, kwa sababu kidole huchimba mashimo.

Jambo la pili ni kingo. Wengi hudhani boti laini ni ile iliyozungushwa kila pembe. Sivyo. Pale tumbo linapokutana na ubao wa nyuma, na pale linapokutana na ubavu, ukingo unatakiwa uwe mkali ili maji yaachane na boti papo hapo. Ukingo wa mviringo huyafanya maji yaung'ang'anie na kupanda nao, boti inavutwa chini, nayo huanza kuyumba. Rangi nene ya kiwandani mara nyingi imezifunika kingo hizo. Msasa mlaini uliolowa maji na subira ya saa moja vinatosha.

Propela, urefu na pembe

Katika boti ya mbio, propela haikai chini kabisa kama ya meli. Boti ikiwa kasi, nusu ya propela huwa juu ya maji, nusu chini. Kwa hiyo sentimita moja ya kuishusha au kuipandisha hubadili tabia yote ya chombo. Propela ikiwa chini sana, boti inashika vizuri lakini inavuta uzito wa maji na kula betri. Ikiwa juu sana, inapiga hewa, mota inalia kwa sauti ya juu na boti haiendi.

Pembe ya shafti ina nguvu zaidi. Anza ukiwa umeilinganisha na tumbo la nyuma, sambamba kabisa. Ukiinua ncha ya nyuma ya shafti kidogo, pua ya boti hupanda. Ukiishusha, upande wa nyuma hunyanyuka na pua hushuka. Anayeendesha boti ya mashine ziwani analijua hili, kwani akiisogeza mashine mbali na ubao wa nyuma pua hupanda, na akiivuta karibu pua hushuka. Kwenye boti ndogo badilisha nusu digrii tu kwa wakati mmoja.

Propela pia husukuma nyuma ya boti ubavuni. Ile inayozunguka kulia huipeleka nyuma kulia, na pua huenda kushoto. Boti ikivutwa upande mmoja wakati usukani umenyooka, hiyo ndiyo sababu ya kawaida. Rekebisha kwa kitufe kidogo cha usukani kwenye rimoti, au kwa kuigeuza shafti kidogo sana upande mmoja.

Ukibadilisha propela, fanya hesabu kwanza. Propela yenye kipenyo cha milimita 40 na uwiano wa hatua wa 1.4 husonga mbele milimita 56 kila inapozunguka mara moja, kama ingekuwa skrubu ndani ya ubao. Mota iliyoandikwa 2,000 KV huzunguka mara 2,000 kwa dakika kwa kila volti moja. Kwa betri ya volti 11.1 hiyo ni mizunguko 22,200 kwa dakika. Zidisha kwa milimita 56, unapata mita 1,243 kwa dakika, karibu kilomita 75 kwa saa. Boti haitafika huko, kwa kuwa maji si ubao na mota hupunguza mizunguko ikibeba mzigo, lakini hesabu inakuonyesha unachokidai. Anayekuambia boti hiyo hiyo ya dukani inakimbia 120 anakuuzia maneno.

Propela kubwa zaidi humlazimisha mota kunywa umeme mwingi. Baada ya kuibadilisha, endesha dakika moja tu, rudisha ufukweni uguse mota na kidhibiti mwendo. Ikiwa huwezi kukiacha kidole hapo kwa sekunde chache, joto limepita kiasi, rudi kwenye propela ndogo. Hakikisha pia mrija wa kupoza unatema maji pembeni mwa boti. Usipoona maji yakitoka, jani au mchanga umeziba, na mota itaungua.

Usukani na mapezi

Shika usukani kwa vidole uutikise. Ukicheza bila sevo kucheza, tundu la kiungo limelegea, na hakuna marekebisho mengine yatakayosaidia. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Sisi tunaongeza kwamba chombo chenye usukani uliolegea kiko njiani.

Usukani usimame wima, pembe ya mraba na tumbo la boti, na ukingo wake wa mbele uwe mkali kama kisu. Kwenye rimoti, punguza kipimo cha usukani. Wanaoanza huacha ugeuke hadi mwisho, na kwa mwendo mkali usukani uliogeuka hadi mwisho unakuwa breki. Pua inachimba, nyuma inarushwa. Anza na nusu ya kipimo chote.

Ubaoni nyuma, kushoto na kulia, boti nyingi za V zina vibao vidogo vya chuma vinavyopindwa. Ukishusha vyote viwili hunyanyua nyuma na kutuliza pua. Ukishusha kimoja, hunyanyua upande wake. Anza vikiwa sawa na tumbo kabisa, ushushe kwa unene wa kadi ya simu tu. Kila unaposhusha unanunua utulivu kwa kulipa mwendo.

Halafu kuna pezi la kona, chuma chembamba kinachokata maji ili boti isiserereke. Kwenye zile za maboya huwekwa upande wa kulia peke yake, kwa sababu ya zile kona za kulia tulizotaja. Boti ya namna hiyo ukiipindisha kushoto kwa kasi, haina cha kushikia. Mfanyabiashara anayeiuza amwambie mteja wazi kwamba apinde kulia, na akitaka kushoto apunguze mwendo kwanza. Maneno hayo yanaokoa mabishano.

Dalili na dawa zake

Pua ikidunda juu na chini kama pomboo, uzito uko nyuma mno au shafti imeinuliwa kupita kiasi. Sogeza betri mbele milimita tano. Ikiendelea, shusha ncha ya shafti kidogo, kisha vibao.

Pua ikiwa imelala majini, boti inalowa na kwenda kwa uzito, fanya kinyume. Betri nyuma, shafti juu kidogo, vibao juu.

Boti ikiyumba kushoto, kulia, kushoto, kulia kwenye mwendo wa mwisho, kagua kingo za tumbo kwanza. Halafu sogeza uzito mbele, au shusha vibao kidogo.

Nyuma ikichomoka kwenye kona, usukani au pezi halina kina cha kutosha, au uzito umekaa mbele sana. Pua ikichimba na boti kupinduka, uzito ni wa mbele au vibao vimeshushwa mno. Lakini kabla ya kurekebisha, jiulize unavyoendesha. Kuachia kitufe ghafla katikati ya kona kunadondosha pua. Punguza mwendo kabla ya boya, pinda, na uipe mota nguvu kidogo wakati wa kupinda.

Boti ikinyanyuka hewani na kubingirika nyuma, upepo umeingia chini. Sogeza uzito mbele, na usikimbize kwa nguvu zote dhidi ya upepo. Kwenye maziwa yetu maji hutulia zaidi asubuhi, kabla upepo haujaamka. Mjaribu boti mwenye akili huamka na wavuvi wa dagaa wanaporudi.

Kanuni moja inazishinda zote, nayo ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Uwe na daftari la shule. Andika tarehe, betri ilikuwa sentimita ngapi kutoka nyuma, shafti ilikuwaje, boti ilifanya nini. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na boti ikatulia, hujui ni kipi kilichoituliza. Ikiharibika, hujui cha kurudisha.

Grisi iliyookoa meli

Shafti nyingi za boti hizi ni waya uliosokotwa ndani ya mrija. Kila baada ya siku ya kucheza uchomoe, uufute maji, uupake grisi ya vyombo vya majini. Ukiurudisha, acha nafasi ya kama milimita tatu kati ya kishikio cha propela na mkono wa shafti, maana waya huo hujikaza na kufupika ukibeba nguvu. Asiyeacha nafasi hukata waya wake mapema.

Anayedharau grisi akumbuke meli ya MV Liemba, inayojulikana na kila aliyeishi kando ya Ziwa Tanganyika. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka mashine zake grisi nene. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walikuta mashine bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Ni meli hiyo hiyo iliyowarudisha nyumbani wakimbizi wa Kongo kutoka Kigoma mwaka 1997, na iliyowabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga mwaka 2015.

Betri si mchezo

Betri za litiamu zinazotumika kwenye boti hizi zina nguvu nyingi kwa uzito mdogo, na ndiyo hatari yake. Kila seli ina volti 3.7 za kawaida, na hujazwa hadi 4.2, si zaidi. Usiikamue chini ya volti 3 kwa seli. Acha kucheza ikiwa karibu 3.5. Ukiiweka kwa muda mrefu, iache kwenye 3.8. Tumia chaja yake peke yake, usiichaji ukiwa umelala, wala juu ya godoro au mkeka. Iliyovimba haifai tena.

Anayerudi nyumbani kwa ndege ajue kwamba betri za litiamu za akiba haziruhusiwi kwenye sanduku linalopakiwa chini. Zinabebwa mkononi, ncha zake zikiwa zimefungwa tepu. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 kwa betri bila kibali cha shirika la ndege. Hesabu ni rahisi, volti mara ampea-saa. Betri ya volti 11.1 na ampea-saa 5 ni wati-saa 55.5, iko ndani ya kikomo. Anayevusha katoni zake kwa boti asizirundike karibu na madumu ya petroli, wala mahali maji yanapoingia.

Mfanyabiashara aangalie pia rimoti. Za zamani za megahezi 27 huingiliana, boti mbili za masafa mamoja haziwezi kucheza ziwa moja. Za gigahezi 2.4 hufungamana kila moja na boti yake. Jaza vipande vya sponji isiyonyonya maji ndani ya pua ya boti ili isizame ikipinduka. Na mwenye duka amwambie mzazi, boti ikikwama majini, mtoto asiifuate kwa kuogelea. Ngoja mtumbwi. Boti ya kuchezea ina bei, mtoto hana.

Sheria moja kwa wadogo na wakubwa

Tumesema uzito ukisogea, chombo hubadili tabia, na uzito ukikaa juu, chombo hupinduka. Hayo hayahusu mchezo peke yake. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza kupita uwezo wake, na mamia ya watu wakafa. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara. Zaidi ya watu 200 walikufa, na taarifa za wakati ule zilieleza kuwa abiria walijisogeza upande mmoja wakijiandaa kushuka. Oktoba 3, 2024, boti iliyotoka Minova ikiwa imejaza abiria ilipinduka kwenye Ziwa Kivu ikikaribia Goma, watu wakiitazama kutoka ufukweni.

Msomaji anayevuka na mizigo kila wiki anaweza kutumia macho ya fundi wa boti ndogo. Kabla ya kupanda, tazama chombo kutoka nyuma. Je, kimelala upande mmoja kikiwa bado kimesimama bandarini? Magunia mazito yako chini sakafuni, au yamepandishwa juu na watu kukaa juu yake? Mizigo imerundikwa yote nyuma karibu na mashine, pua ikatazama mbingu? Boti ya rimoti ya aina hiyo ungeirudisha mezani. Ya abiria huwezi kuirekebisha, lakini unaweza kukataa kuipanda, na ukiwa ndani unaweza kukaa chini, kukaa katikati, na kuwaomba wenzako wasikimbilie upande mmoja nchi kavu ikionekana.

Nauli ya safari iliyokosekana hupatikana tena. Bidhaa zikichelewa soko moja, kuna soko la Alhamisi.

Mabaharia wa pwani wana msemo wao, wendapo tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hata ukizunguka nyuma na mbele ya chombo, utarudi pale pale chini, kwenye tumbo lake. Fundi wa boti ya rimoti anaweza kubadili propela, mota na rangi, na mwisho atarudi kwenye swali la kwanza: uzito umekaa wapi? Anayepanda boti kuvuka ziwa alfajiri ya kesho naye ajiulize hilo hilo, kabla kamba haijafunguliwa.